Mwalimu Omwenga na Swali la Kumi na Nne

Saa sita na dakika ishirini mchana, Jumanne. Cephas Omwenga amepiga magoti kwenye uwanja wa shule moja ya msingi huko Sindo, rula mkononi, saa ya mfukoni juu ya leso mbele yake. Amesimika fimbo ya futi tatu ardhini. Amehakikisha imesimama wima kwa uzi uliofungwa jiwe, mara mbili.

Hatua chache kutoka hapo, msichana wa darasa la saba aitwaye Rispa anatazama kivuli kingine, kile cha mlingoti wa bendera. Chini ya mlingoti kuna mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, unaotoka upande wa Gwasi hadi upande wa Mbita, yaani kusini hadi kaskazini. Shule haina saa ya ukutani. Kivuli kikilala juu ya mawe, Rispa hupiga kengele, ambayo ni rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye boriti, na watoto huenda kula.

Saa sita na dakika ishirini na saba kivuli kinalala juu ya mawe. Rispa anapiga. Omwenga anasoma rula na kuandika: inchi kumi na moja, kaskazini.

"Rispa, kivuli kipo?" anauliza bila kuinua kichwa.

"Kipo, mwalimu."

"Mwezi wa Juni kilikuwa upande gani?"

"Ule wa Gwasi."

"Na kwenye karatasi yangu mwezi huo wa Juni uliandika nini?"

Msichana anatazama miguu yake. "Niliandika hakuna kivuli."

"Kwa nini?"

"Hiki ni kivuli cha kengele, mwalimu. Wewe uliuliza cha sayansi."

Wenzake wanacheka. Omwenga hacheki. Analiandika jibu hilo kwenye daftari, neno kwa neno, na kando yake tarehe: 12 Novemba 1968.

Zimebaki siku kumi na nane.

Omwenga ana umri wa miaka arobaini na mbili. Ni mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari ya harambee karibu na Kosele, na kwa miaka mitatu amekuwa pia mwanafunzi wa shahada ya pili ya elimu huko Kampala, akisoma zaidi kwa barua. Tasnifu yake inauliza jambo moja. Mtoto wa shule wa Nyanza Kusini akifundishwa sayansi, huipeleka wapi? Huitumia nyumbani, ziwani na shambani, au huiacha darasani pamoja na dawati?

Tasnifu hiyo inatakiwa iwe imefika Kampala tarehe 30 mwezi huu. Muda uliongezwa mara moja mwaka jana. Barua ya chuo ilisema hautaongezwa tena. Ikikubaliwa, Omwenga anapata shahada ambayo ameitafuta tangu akiwa mwalimu wa daraja la chini kabisa, na pamoja nayo nafasi ya mkufunzi wa sayansi katika chuo cha ualimu. Ikikataliwa, anabaki alipo, na miaka mitatu inakuwa rundo la karatasi.

Hadi Julai hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amekusanya karatasi 412 kutoka kwa wanafunzi wa darasa la saba katika shule kumi na moja, kuanzia hapa Sindo hadi Macalder na mpaka wa Ukuria. Kila karatasi ilikuwa na maswali arobaini. Mengine yalikuwa magumu. Swali la kumi na nne lilikuwa rahisi makusudi.

"Niliweka lile ili wapumzike kidogo," anasema. "Liliuliza: mwezi huu, jua likiwa katikati ya mbingu, kivuli cha mlingoti wa shule yenu huangukia upande gani? Nilifikiri ni swali ambalo hata mtoto aliyeshindwa na mengine yote angepata. Anatoka tu nje na kuangalia."

Wanafunzi 397 walichagua jibu la tatu: hakuna kivuli. Tisa walijibu sawa. Sita hawakujibu.

Kwanza alidhani karatasi zilivuja. Alikuwa na sababu. Katika shule nyingi walimu walimpokea kama mkaguzi, ingawa alikuwa amewaandikia kwamba si mkaguzi. Shule moja ilimwekea kiti chenye kitambaa. Nyingine iliwatuma wanafunzi tisa wasioweza vizuri wakaokote kuni asubuhi ya mtihani; aligundua alipohesabu vichwa na kulinganisha na orodha ya mahudhurio.

Lakini majibu ya maswali mengine hayakufanana. Kila shule ilikosea kwa namna yake. Ni swali la kumi na nne tu lililokosewa kwa pamoja, kwa neno moja, na watoto ambao hawajawahi kukutana, maili sabini kutoka shule ya kwanza hadi ya mwisho. Kosa la namna hiyo halivuji. Kosa la namna hiyo limefundishwa.

Likizo ya Agosti aliitumia kumtafuta aliyelifundisha. Alipakia baiskeli juu ya basi, akashuka nayo mbele, akaendesha kutoka shule hadi shule akiwaomba walimu wamwonyeshe maandishi wanayofundishia. Watoto wa njiani walikuwa wameshampa jina. Walimwita Mwalimu Kivuli.

Macalder haikuwa mahali pa furaha Agosti ile. Mgodi wa shaba ulikuwa umefungwa miaka miwili kabla, na familia nyingi zilikuwa zimehama. Waliobaki walichuja dhahabu kwa karai kwenye mchanga wa mto, watoto wao wakiwa nao. Mwalimu Matiko, Mkuria wa miaka hamsini na mwalimu wa daraja la P3, alikuwa na wanafunzi ishirini na sita katika chumba kilichojengwa kwa sitini.

"Karibu, mkaguzi," alisema.

"Mimi si mkaguzi, mzee. Mimi ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi mwenye mvi? Basi karibu, mwanafunzi. Kaa, kiti hicho hakiumi."

Omwenga alimuuliza habari ya kivuli. Matiko hakubishana. Alikwenda nyumbani kwake, nyuma ya shule, akarudi na kifurushi cha karatasi ya kaki kilichofungwa kwa uzi wa katani. Ndani yake mlikuwa na daftari.

Mwalimu yeyote wa msingi wa miaka ile analijua daftari la aina hiyo. Katika kozi za likizo, mkufunzi alisoma kila sentensi polepole, mara mbili, na walimu wakaandika. Siku ya mwisho aliyakusanya madaftari, akatia sahihi kwa wino mwekundu na kugonga mhuri wa kozi. Daftari lenye mhuri ndilo lililothibitisha kwamba mwalimu alihudhuria. Mkaguzi aliliomba kabla ya kuomba kitu kingine, na bila hilo kupanda kutoka P3 kwenda P2 kulikuwa maneno tu. Kwa hiyo halikuguswa kwa kalamu tena. Walimu walilifunga vizuri, wakaliweka sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo, na wakawa wanalitoa kila muhula wafundishie.

Ukurasa wa thelathini na moja wa daftari la Matiko una sentensi ya Kiingereza ambayo maana yake ni hii: sisi tunaokaa karibu na ikweta, saa sita mchana jua huwa juu ya vichwa vyetu kila siku ya mwaka, kwa hiyo hakuna kivuli.

Chini ya sentensi kuna mhuri wa kozi ya Homa Bay, Desemba 1961. Juu ya mhuri, kwa wino mwekundu, kuna sahihi: C. Omwenga.

"Nilisoma jina langu," anasema Omwenga. "Halafu nikalisoma mara ya pili, kama ninavyowaambia wanafunzi wafanye."

Sentensi hiyo si kweli. Katika sehemu hizi jua hufika juu kabisa ya kichwa kwa siku chache mwezi Machi na siku chache mwezi Septemba. Juni hupita upande wa kaskazini, na kivuli cha adhuhuri huanguka kusini. Desemba mambo hugeuka. Kulijua hilo hakuhitaji maabara. Kunahitaji mlingoti, na mtu wa kuutazama.

Mwaka 1961 Omwenga alikuwa msaidizi wa mkufunzi. Mkufunzi mwenyewe aliugua, na yeye akapewa siku mbili kutayarisha masomo ya wiki mbili kwa walimu ishirini na tisa. Mengi aliyaandika kwa kumbukumbu.

"Sijui niliitoa wapi sentensi ile," anasema. "Kitabu nilichokuwa nacho bado ninacho, nimekipekua, haimo. Labda niliisikia, labda niliitunga. Haibadilishi kitu. Niliisoma mara mbili."

Matiko aliikumbuka siku yenyewe.

"Ulisoma karibu na saa ya chakula," alimwambia. "Tukatoka kwenda jikoni. Kivuli changu kikaandamana na mimi mpaka kwenye sufuria ya maharagwe. Nilikiona. Nikasema, hiki hakijahudhuria kozi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize? Wewe mkufunzi, mimi P3. Nilikuwa nataka sahihi, bwana. Mtu anayetaka sahihi haulizi."

Omwenga alitoa kalamu akanyoosha mkono aikate sentensi ile. Matiko alilivuta daftari lake kifuani.

"Hapana. Mkaguzi akikuta ukurasa umekatwa, atasema nimeghushi."

Mpaka leo sentensi hiyo haijakatwa. Matiko bado ni P3.

Jioni ile, katika nyumba ya wageni ya misheni, Omwenga alipiga hesabu. Walimu ishirini na tisa, darasa la wanafunzi thelathini na wanane kwa wastani, miaka saba. Alipata 7,714. Anajua kwamba si walimu wote waliofundisha darasa hilo kila mwaka, hivyo huitaja hesabu hiyo kwa tahadhari. "Si chini ya elfu nne," anasema. "Sitaki kuipunguza zaidi ya hapo."

Mtu anayemsikiliza anaweza kushangaa kwamba kosa la kivuli, ambalo halijamuua yeyote, limemkaa mtu rohoni kiasi hicho. Jibu liko nyuma zaidi.

Omwenga alizaliwa Kitutu, katika nyanda za juu za Kisii, mwaka 1926. Aliingia shule akiwa na miaka kumi na mmoja, katika misheni ya Waadventista, akawa mwalimu akiwa na ishirini. Shahada ya kwanza aliisoma kwa posta. Ilimchukua miaka tisa. Alikuja Kosele mwaka 1965, shule ya harambee ilipofunguliwa na kukosa mtu wa kufundisha fizikia. Analipwa shilingi 720 kwa mwezi na ana vipindi thelathini na moja kwa wiki. Nyumbani anazungumza Kigusii, darasani Kiingereza, sokoni Kiswahili. Dholuo chake, anakiri, hakivuki salamu na bei ya samaki.

Yeye na mkewe, Bathsheba, walikuwa na watoto wanne. Wako watatu.

Binti yao Orpah alifariki Februari 1960, akiwa na miaka minne, kwa homa ya matumbo. Wiki ile ile Omwenga alikuwa amesahihisha madaftari arobaini na manne ya darasa lake. Swali lilikuwa: kwa nini maji ya mto yachemshwe kabla ya kunywewa?

"Wote arobaini na wanne walipata," anasema. "Niliweka alama ya vyema arobaini na nne. Nyumbani kwangu maji yalitoka mtoni, yakaingia mtungini, tukayanywa. Hakuna aliyekuwa hajui. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha."

Hazungumzi zaidi juu ya jambo hilo, na Bathsheba hapendi alizungumze kabisa. Lakini swali la tasnifu alianza kuliandika mwaka ule, kwenye jalada la nyuma la daftari la mahudhurio, kabla hajajua kwamba kuna masomo ya namna hiyo wala chuo kinachoyapokea.

Takwimu zake za sasa hazitii moyo. Kati ya wanafunzi 412, walioandika kwamba maji yachemshwe ni 388. Alitembelea nyumba sitini za wanafunzi hao, kando ya ziwa na bara. Maji yaliyochemshwa aliyakuta katika nyumba saba.

Kwa hiyo alipoliona jina lake katika daftari la Matiko, hakuona kosa la kivuli peke yake. Aliona jambo lile lile analolichunguza, na akajiona yeye katikati yake. Mwalimu anaona kivuli chake, anaandika kwamba hakipo, kwa sababu aliyesema hakipo ana mhuri. Kisha mtoto anapiga kengele kwa kivuli na kuandika kwamba hakipo, kwa sababu hiyo hiyo.

Aliandika Kampala mwanzoni mwa Septemba na kueleza kila kitu. Jibu la msimamizi wake lilifika baada ya wiki tatu, ukurasa mmoja, la upole. Lilimpa njia mbili. Ya kwanza: aliondoe swali la kumi na nne. Yaliyobaki thelathini na tisa yanatosha, na hakuna mtahini atakayelitafuta lisilokuwepo. Ya pili: aliache na kueleza chanzo chake. Katika hali hiyo watahini watakuwa na haki ya kuuliza kama mtafiti anaweza kuwapima watoto ambao yeye mwenyewe, kupitia wengine, aliwafundisha uongo, na kama karatasi zote 412 bado zinafaa. Msimamizi alimshauri afuate njia ya kwanza.

"Ni ushauri mzuri," anasema Omwenga. "Mwanafunzi wangu angekuwa na tatizo hili, mimi mwenyewe ningempa."

Bathsheba alikubaliana na msimamizi. Huuza karanga katika soko la Kosele, na siku barua hiyo ilipofika alikuwa akizibangua mlangoni.

"Maswali thelathini na tisa hayakutoshi, Baba Ogeto?" alimuuliza. Ogeto ni mtoto wao wa kwanza.

"Yanatosha."

"Kuna mtu atakuuliza hilo lililotoka?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Ndiyo sababu litabaki."

Bathsheba anaisimulia habari hiyo kwa mikono iliyojaa maganda. "Miaka mitatu nimelala chumba kimoja na mashine ya taipu," anasema. "Sabato tu ndiyo inanyamaza. Nikasema sawa, itaisha, tutahamia chuoni, nyumba ina bomba. Sasa mwisho kabisa anataka kuwaandikia watu wa Kampala kwamba mwenye makosa ni yeye. Wewe umeona wapi mtu anajishtaki mahali hajaitwa?"

Anaendelea kubangua. Baada ya muda anaongeza, kwa sauti ya chini kidogo: "Maji tunachemsha. Tangu mwaka ule. Hilo liandike pia."

Mwalimu wa kwanza kuogopa, Omwenga alipotangaza kwamba swali litabaki, alikuwa Filister Awino, anayefundisha darasa la saba hapa Sindo. Alikuwa mmoja wa wanawake wanne katika kozi ya 1961. Daftari lake amelifunga kwa kipande cha shuka.

"Japuonj," alimwambia, akimwita mwalimu kwa Dholuo, "ukiandika shule yetu, mkaguzi atauliza nani alifundisha. Hatauliza nani alisema kwanza."

Omwenga alimwonyesha ukurasa wa sura inayolieleza swali hilo. Shule zimepewa herufi, kuanzia A hadi K. Walimu hawana majina. Jina moja tu limeandikwa kamili katika sura hiyo.

"Kwa hiyo watakaosoma watakuona wewe tu?"

"Mimi tu."

Filister alifikiri. "Basi pole," alisema. "Na asante."

Ni yeye aliyeyapanga mawe ya uwanjani. Mwaka 1964 alichoka kukisia saa ya chakula, akatumia wiki mbili kufuatilia kivuli cha mlingoti, akaweka jiwe moja moja mpaka akapata mstari. Hakuna aliyemfundisha. Aliyaweka pande zote mbili za mlingoti, kwa sababu alishaona kwamba kivuli huhama upande kwa msimu. Na kila mwaka, hatua ishirini kutoka kwenye mawe hayo, aliwasomea wanafunzi wake kutoka katika daftari kwamba saa sita hakuna kivuli.

Alipoulizwa kama hakuona ajabu, alijibu bila kusita. "Nje natafuta saa ya kula. Ndani natafuta mtihani wa darasa la saba. Nilikuwa sijui ni kitu kimoja."

Sura ya sita ya tasnifu, yenye kurasa ishirini na mbili, imekamilika wiki hii. Omwenga ameipiga mwenyewe kwenye mashine ya shule, ambayo imevunjika herufi q. Tasnifu iko kwa Kiingereza, na neno la Kiingereza la swali huanza na herufi hiyo, kwa hivyo hulazimika kuijaza kwa kalamu, mara sita au saba kila ukurasa. Vipimo vya leo vya Sindo ndivyo vya mwisho kuingizwa. Alhamisi atazipeleka karatasi zote posta ya Homa Bay.

Anakadiriaje nafasi yake? Huwa hapendi kukisia, lakini anajibu. "Nafikiri wataikataa. Nikisema moja kwa tatu kwamba wataikubali, nitakuwa nimejipendelea."

Chuo cha ualimu hakijasubiri matokeo. Mwezi uliopita Omwenga alikiandikia, bila kuombwa, kwamba shahada huenda isipatikane kwa wakati. Jibu lilikuwa na sentensi moja: nafasi itatangazwa.

Anaikunja barua hiyo na kuirudisha kwenye bahasha yake. Anasema ni haki yao. Kisha anasema jambo ambalo kwa kawaida hulizunguka: "Niliitaka kazi ile. Kuna vijana mia moja na ishirini pale kila mwaka. Ningekuwa mbele yao kila siku, na sentensi ambazo nimezipima."

Badala yake amebaki na mpango mdogo. Ijumaa, tarehe 20 Desemba, anataka kuwakusanya tena walimu wa kozi ya 1961 katika uwanja wa shule moja mjini Homa Bay, kila mtu na daftari lake. Hana fedha za kuwalipia nauli, wala ofisi iliyomtuma. Kati ya wale ishirini na tisa, watatu wameshafariki na watatu hawajulikani walipo. Ameandika barua ishirini na tatu.

Hadi jana yalikuwa yamefika majibu manne, mojawapo likiwa la Matiko. Wote wanne wanakuja. Wote wanne wameuliza jambo moja, kila mtu kwa maneno yake: je, kutakuwa na mhuri?

Hakuna aliyeuliza habari ya kivuli.

Sasa watoto wamekwenda kula na uwanja umebaki mtupu. Kivuli kimeshayaacha mawe, kinasogea polepole upande wa mashariki. Omwenga anang'oa fimbo, anaifuta udongo, anaifunga kwa mpira kwenye fremu ya baiskeli. Filister amesimama karibu, mikono nyuma.

"Japuonj, hiyo tarehe ishirini. Watu wananiuliza mimi, kwa sababu wanajua unakuja hapa. Mhuri utakuwepo?"

Mhuri wa 1961 bado anao, ndani ya kopo la chai. Alikuwa na nia ya kuutupa.

"Utakuwepo," anasema. "Lakini utakaa mfukoni mwangu mpaka saa sita na dakika arobaini. Tutatoka nje wote. Kila mtu atapima kivuli, ataandika anachokiona, atakata alichoandika zamani. Kwa hesabu yangu fimbo hii itatoa inchi kumi na tano, upande wa ziwa. Wasinisikilize mimi. Wapime."

"Halafu unagonga."

"Halafu nagonga. Na atakayeniuliza swali, huyo nitamgongea wa kwanza."

Filister anacheka kidogo. Anatazama mawe yake, upande wa Gwasi, kisha upande wa Mbita.

"Basi mimi nina moja," anasema. "Lina miaka minne. Mwezi wa tatu kuna siku mbili, tatu hivi, kengele inanipotea. Kivuli hakiko huku wala huku. Kinaingia chini ya mlingoti wenyewe, kinaisha. Huwa kinakwenda wapi?"

Omwenga ameshashika usukani wa baiskeli, na basi la mwisho halimsubiri mtu. Anaiegemeza baiskeli ukutani, anaifungua fimbo, na kurudi nayo uwanjani.